Kitako cha Keki ya Jibini Kando ya Gati la Port Bell

Msafiri atokaye katikati ya mji wa Kampala kwenda Port Bell hupita Bugolobi na Kitintale, kisha akaingia Luzira. Na kabla macho yake hayajaliona ziwa, pua yake huwa imekwisha fika. Harufu ya kwanza ni ya kimea, itokayo katika kiwanda cha Uganda Breweries kilichoanzishwa mwaka 1946, ambacho bia yake maarufu imeazima jina la bandari hii. Ya pili ni ya dagaa walioanikwa juani, ambao wenyeji huwaita mukene. Na ikiwa ni mwisho wa juma, na msafiri akakata kona kuelekea vyumba vya kupanga vilivyo juu kidogo ya ufuko, huenda akakutana na harufu ya tatu ambayo hakuitazamia hata kidogo: siagi, ndimu na maziwa yanayookwa. Hiyo ni keki ya jibini.

Si keki kama ile ya siku ya kuzaliwa, iumukayo kwa hamira ya unga. Keki ya jibini haiumuki. Ni mchanganyiko wa jibini laini, mayai na sukari, unaomiminwa katika chombo na kuokwa kwa moto wa pole mpaka ugande, laini kama kaimati la maziwa. Kwa kuwa hauwezi kusimama wenyewe, mchanganyiko huo huwekewa kitako, yaani tabaka kavu la chini ambalo ndilo hubeba kipande kinapotolewa chomboni na kufikishwa sahanini. Watu husifu jibini, lakini mpishi hulala macho kwa ajili ya kitako. Kikilowa, mlaji hupewa uji juu ya uji. Kikiungua, hakuna sukari itakayoficha uchungu wake.

Yafaa kwanza kuifahamu bandari yenyewe, maana katika shauri hili hewa yake ina neno. Port Bell imepewa jina la Sir Hesketh Bell, Mwingereza aliyeitawala Uganda mwanzoni mwa karne ya 20. Reli ya kutoka Mombasa ilikuwa imefika Kisumu mwaka 1901 na kukoma hapo, na haikufika Kampala kwa njia ya nchi kavu mpaka mwaka 1931. Katika miaka ya kati, shehena ya Kampala ilivuka ziwa kwa meli mpaka gati hili, kisha ikapakiwa katika reli fupi ipandayo mjini. Kwa hiyo mlango wa unga wa ngano wa ng'ambo, siagi ya makopo na biskuti za mabati ulikuwa hapa, miongo mingi kabla ya mtu yeyote wa mtaa huu kusikia habari za keki ya jibini.

Ndege pia zilitua majini hapa. Kuanzia mwaka 1937 ndege za maji za Imperial Airways, na baada ya vita zile za BOAC zilizokuwa zikitoka Southampton kwenda Afrika ya Kusini, zilitumia ghuba ya Port Bell kama uwanja wao. Abiria walishuka katika mashua, miguu ikiwa bado inatetemeka kwa ngurumo ya injini, wakapelekwa pwani. Mwaka 1950 BOAC iliacha kutumia ndege za maji katika njia hiyo, na ghuba ikarudi mikononi mwa wavuvi na meli za mizigo. Miongoni mwa meli hizo, Kabalega ilizama ziwani mwezi Mei 2005 baada ya kugongana na mwenzake Kaawa. Wakongwe wa gati bado huitaja kama mtu atajavyo ndugu.

Halafu kuna maji yenyewe. Ziwa Victoria liko zaidi ya mita 1,130 juu ya usawa wa bahari, na mtu angedhani nchi ya juu namna hiyo ni kavu. Sivyo. Mwezi Mei 2020 kina cha ziwa kilifika mita 13.42 katika kipimo chake, kikaipita ile ya mwaka 1964 iliyokuwa haijapata kupitwa, na gati la Port Bell likafunikwa. Lakini hata katika mwaka wa kawaida, unyevu hupanda kutoka ghubani kila alfajiri na kuingia kila chumba. Chumvi hushikana katika kikopo. Njiti za kiberiti hukataa kuwaka. Pakiti ya biskuti iliyofunguliwa jioni, asubuhi huinama kama kitambaa.

Katika chumba kimoja cha mtaa huo aliishi mama wa watoto watatu, mke wa koplo wa jeshi. Mumewe alikuwa Somalia katika jeshi la kulinda amani, ambako Uganda ilipeleka askari wake wa kwanza mwezi Machi 2007 na kuendelea kupeleka zamu baada ya zamu. Mama huyo alijifunza kuoka keki za kawaida kwa mke wa askari mwenzake, akaziuza kwa vipande karibu na kituo cha teksi. Siku moja mteja wake, ambaye binti yake alikuwa akiolewa, alimwonyesha picha ya keki ya jibini na kumwuliza kama aiweza. Mama alijibu kwamba aiweza. Aliagizwa keki sita, akapokea nusu ya bedi mbele, na nusu hiyo akailipia karo ya mtoto wa kwanza siku iyo hiyo, kabla hajanunua hata yai. Mtu aweza kumlaumu. Lakini shule ilikuwa imekwisha mrudisha mtoto nyumbani mara mbili.

Keki ya kwanza ya majaribio aliioka kama ilivyoelezwa katika kitabu cha mapishi alichoazima. Alisaga biskuti gramu 200, akachanganya na siagi iliyoyeyushwa gramu 90, akashindilia katika chombo cha upana wa sentimeta 24, akamimina jibini, akaoka. Usiku ilikuwa nzuri. Asubuhi alipoikata, kitako kilikuwa tope la rangi ya udongo, na upande uliokuwa juu ya makaa makali ulikuwa mweusi. Alikaa juu ya kigoda akaitazama. Siku tisa zilibaki, na fedha ya bedi ilikuwa imekwisha ingia katika sanduku la shule.

Kosa halikuwa lake peke yake, wala halikuwa la kitabu. Kitabu kiliandikwa kwa ajili ya jibini ya kiwandani. Mwaka 1872 mwuza maziwa mmoja wa Marekani, William Lawrence, wa Chester katika jimbo la New York, alianza kutengeneza jibini laini yenye malai nyingi, ambayo baadaye iliuzwa kwa jina la Philadelphia. Jibini hiyo ni nzito na ina mafuta mengi. Haitoi maji ovyo. Wamarekani huiweka juu ya biskuti za unga usiokobolewa zilizopata jina lao kutokana na Sylvester Graham, mhubiri wa karne ya 19 aliyewahimiza watu wale unga wenye pumba. Waingereza hutumia biskuti zao za digestive. Katika jikoni lenye jokofu, jiko la umeme na hewa kavu, kitako hicho hakina neno.

Jibini ya mama wa Port Bell ilikuwa ya namna nyingine. Jibini ya kiwandani huuzwa ghali katika maduka makubwa ya mjini, kwa hiyo yeye alitengeneza yake kwa maziwa mazito yaliyoganda, ambayo Uganda huitwa bongo. Neno ambalo Mswahili wa pwani akiagizwa akanunue lita tatu za kitu hicho huenda akastuka. Maziwa hayo hufungwa katika kitambaa safi, yakatundikwa usiku kucha juu ya beseni, na lita 3 hutoa jibini ya karibu kilo moja, nyeupe na yenye uchachu wa kupendeza. Ng'ombe waliotoa maziwa hayo walifugwa zizini viungani mwa mji, wakilishwa pamoja na majani machicha ya kiwanda cha bia, hivi kwamba kimea kilichonukia barabarani kilikuwa kimerudi jikoni kwa njia ndefu. Lakini jibini ya kitambaa, hata ikikamuliwa namna gani, hubaki na maji. Katika moto maji hayo hutafuta njia, na njia yake ni chini.

Jirani yake alikuwa mzee aliyepata kuwa mpishi katika meli za mizigo za ziwani. Aliitwa aje kutazama. Alikionja kile kitako kwa ncha ya kijiko, akakitema kwa adabu katika kiganja.

"Mama," akasema, "jibini yako inalia. Biskuti ni sifongo. Umemweka anayelia juu ya sifongo, unategemea nini?"

"Mzee, sasa nifanyeje? Watu wa harusi wameona picha yenye biskuti."

"Watu wa harusi watakula picha? Tafuta kitu kisichokunywa maji."

Hapo ndipo majaribio yalipoanza, na yalichukua siku nne na debe zima la makaa.

Kwanza alijaribu kuiokoa biskuti. Alizikausha biskuti katika sufuria juu ya moto mdogo kabla ya kuzisaga, kwa sababu biskuti za dukani mwa Luzira zilikuwa zimekwisha kunywa ziwa kabla hazijaonja jibini. Alioka kitako peke yake dakika kumi, akakipaka ute wa yai ukiwa umepigwa kidogo, akakirudisha motoni dakika mbili ili ute ushike na kuziba vitundu. Tofauti ilikuwa kubwa. Mwenye jibini nzito na jokofu aifuate njia hiyo bila hofu. Hata hivyo, baada ya saa kumi na mbili katika hewa ya pale, kingo zilianza kulegea, na harusi ilikuwa ya alasiri, keki zikiwa zimeokwa usiku wa kuamkia.

Jaribio la pili lilikuwa la kinyunya, kama wafanyavyo Wajerumani, ambao keki yao ya jibini hukaa katika sahani ya unga wa ngano na siagi. Vipimo vyake ni unga gramu 200, siagi gramu 100, sukari gramu 50 na kiini kimoja cha yai. Kwa ladha, hiki kilishinda. Mzee alikula kipande kizima bila kusema lolote, na kwa mtu wa meli hiyo ni sifa. Lakini kinyunya hutaka siagi baridi na mkono mwepesi. Hutaka kupumzishwa, kuchomwa kwa uma, kufunikwa karatasi na kujazwa maharagwe makavu ili kisivimbe, kisha kuokwa tupu robo saa, maharagwe kutolewa, na kuokwa tena mpaka kigeuke rangi, yote hayo kabla ya jibini kuingia. Katika sufuria juu ya sigiri, kila keki ilikula makaa mara mbili. Keki sita za namna hiyo zingemeza faida yote, na mama aliipiga hesabu mara tatu akitumaini kwamba atapata jibu jingine.

Sigiri yenyewe inahitaji maelezo kwa wale waliokwisha zoea jiko la gesi. Sufuria kubwa hutandikwa mchanga mkavu, juu yake kigaye au kikalio cha chuma, na chombo cha keki hukaa juu ya hicho. Hufunikwa kwa mfuniko mpana, na makaa hupaliwa juu ya mfuniko, machache kuliko ya chini kwa keki ya kawaida. Kwa keki ya jibini ni kinyume: makaa ya chini yapunguzwe mara kitako kikishaiva, ya juu yaongezwe, la sivyo kitako huungua wakati tumbo la keki bado linachezacheza.

La tatu lilitoka sokoni. Uganda hailimi ngano nyingi. Ile ya miinuko ya Kapchorwa haitoshi, na iliyo nyingi huagizwa kutoka nje. Lakini karanga zimejaa. Chuo cha utafiti cha Serere huko Teso kimetoa mbegu kadha wa kadha ziitwazo Serenut, na karanga ndogo nyekundu huuzwa kwa vikombe katika kila genge. Kaskazini ipo simsim, ambayo kwa Kiswahili cha pwani ni ufuta. Vyote viwili vina mafuta mengi, na mafuta hayakaribishi maji. Mama alikaanga karanga gramu 150, akazimenya, akazitwanga katika kinu, akaacha zingali chenga. Alipojaribu kuzitwanga zaidi zilitoa mafuta zikawa rojo la kupaka mkate. Hilo walilila watoto. Chenga alizichanganya na unga wa ngano gramu 75, sukari gramu 50, siagi gramu 60, chumvi kidole na ufuta kijiko kimoja. Alishindilia, akaoka karibu robo saa, akapaka ute wa yai. Kitako hicho kilikaa usiku kucha, na siku ya pili kilipokatwa kilitoa mlio.

Hapa pana onyo ambalo halipaswi kupitwa kwa haraka. Karanga zilizokaa katika unyevu huota ukungu, na ukungu huo huleta sumukuvu, ambayo haiondoki kwa kukaanga wala kwa kuoka na hudhuru ini. Karanga iliyonyauka, iliyogeuka rangi au yenye uchungu itupwe. Asipewe hata kuku. Tena wako watu ambao karanga huwafunga pumzi na kuweza kuwaua. Mama alimwuliza mwenye harusi, akaambiwa kwamba mdogo wa bwana harusi ni mmoja wao. Basi ilikatwa shauri: keki tano za karanga, na moja ya kinyunya, ambayo ingeokwa ya kwanza kabisa, katika chombo na kwa kisu ambavyo havijagusa karanga, na kuwekewa alama ya ua jeupe.

Lilibaki tatizo la moto wa chini, na hilo lilitatuliwa kwa kitu kisichouzwa. Nyuma ya choo palikuwa na mgomba. Waganda wapikapo luwombo hulibabua jani la mgomba juu ya moto mpaka linyauke na kuwa laini kama ngozi, lisipasuke linapokunjwa. Mama aliyababua majani, akakata duara, akatandika chini ya kitako na kuzungusha pembeni. Jani lilikinga kitako na ukali wa makaa, na keki ikatoka chomboni bila kuvunjika.

Wala si jambo geni duniani. Karibu miaka 160 kabla ya kuzaliwa Kristo, Cato wa Roma aliandika katika kitabu chake cha kilimo namna ya kutengeneza mkate wa sadaka: jibini ipondwe, ichanganywe na unga na yai, itandikwe juu ya majani, iokwe polepole mekoni ikiwa imefunikwa kwa chungu. Yaani jani chini, kifuniko juu, makaa kwa kiasi. Kitabu hicho hicho kinaeleza keki nyingine ya jibini na asali iliyokuwa na kitako cha kinyunya. Na katika mji wa San Sebastián, Hispania, mkahawa uitwao La Viña umepata sifa kubwa kwa keki ya jibini isiyokuwa na kitako chochote, huokwa ndani ya karatasi mpaka juu iwe nyeusi. Mzee alipoelezwa habari hiyo na mwanafunzi mmoja wa mtaani alicheka, akasema kwamba hata melini walikuwa na siku za kuunguza, ila hawakuzitoza nauli.

Usiku wa kuamkia harusi sigiri tatu ziliwaka uani. Ile ya kinyunya ilioka vizuri, ingawa ukingo wake ulinywea upande mmoja, kwa kuwa unga haukupumzishwa vya kutosha. Ya nne ilipata ufa katikati, mama alipofunua mfuniko mapema mno kumwangalia. Ufa huo ulifunikwa kwa vipande vya embe. Nyingine hazikuwa na kasoro ya kuonekana. Saa nane usiku simu ililia kutoka Mogadishu. Koplo aliuliza watoto hawajambo, akauliza karo, kisha akauliza kwa nini hajalala. Aliambiwa, naye baada ya kimya kidogo akataka kujua kama karanga zilichambuliwa vema.

Siku ya pili, alasiri, keki zilikatwa chini ya turubai, upepo wa ziwa ukipuliza vitambaa vya meza. Vitako vya karanga vilitoa mlio chini ya kisu. Kijana wa bwana harusi alikula vipande viwili vya ile yenye ua jeupe. Mteja alilipa nusu iliyobaki papo hapo, mbele ya watu, akihesabu kwa sauti. Shangazi wa bibi harusi, yule Waganda wamwitaye ssenga, alibandua jani la mgomba kutoka sehemu ya chini ya kipande chake, akalinusa, akalikunja mara nne na kulitia katika mkoba wake. Kisha akamwita mama kando na kumwuliza alilibabua kwa dakika ngapi.